Ukali uliojificha ndani ya neno smart

Mwanafunzi wangu mmoja hapa Tabora alikuwa akitafsiri kijitabu cha Kiingereza kuhusu ufugaji wa nyuki, na alipofika mahali panapoelezwa kwamba ngozi iliyochomwa na nyuki hu-smart kwa dakika kadhaa, akaandika kuwa ngozi hiyo "hupendeza kwa dakika kadhaa". Sikumlaumu sana, kwani sote tumelizoea neno hilo kwa umbo lake la smati, yaani mtu aliyenyoosha shati kwa pasi na kung'arisha viatu. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kurina asali katika miombo yetu anajua jinsi uso uliovimba unavyopendeza.

Kumbe kijana alikuwa amekutana na maana kongwe kuliko zote. Katika Kiingereza cha Kale, smeortan kilikuwa kitenzi cha kuwasha na kuuma, na ndugu yake wa Kijerumani, Schmerz, hadi leo maana yake ni maumivu. Kutoka kwenye maumivu makali neno likahamia kwa mtu mwepesi na mchangamfu, kisha kwa mwenye akili. Unadhifu wa mavazi ulifuata baadaye, katika karne ya 18. Safari hiyo isitushangaze, kwa kuwa kali yetu imepita njia iyo hiyo: kisu kikali, pilipili kali, mwalimu mkali, na sasa vijana humwita mkali mchezaji anayewapiga mabeki chenga.

Mmarekani akimwita mtoto smart, kwa kawaida husifu akili yake, ilhali Mwingereza mara nyingi husifu mavazi, na smati yetu imeegemea upande wa Mwingereza. Mtoto akiwa smart kwa kuwajibu wakubwa, hapo si sifa tena. Kiswahili humwita mjuvi.

Miaka ya 1970 neno liliangukia vifaa, yakiwemo mabomu ya kuongozwa kwa leza yaliyotumika katika vita vya Vietnam, na baadaye likafika kwenye simu. Simu janja ninaiandika kila siku, ingawa bado inaninukia hila, maana mjanja wa ngano zetu ni sungura, wala hajawahi kusifiwa kwa kusoma.

Katika kijitabu tulikubaliana kuandika kwamba ngozi "huchonyota", kitenzi kile kile cha ndimu inapoingia kwenye kidonda.