Je, wajua kwa nini kifungo cha nje ni nafuu lakini hukosa fedha?

Agosti 1841, mtu mmoja aliyevaa matambara aliletwa kizimbani mjini Boston, Marekani, kwa kosa la ulevi. Fundi viatu aitwaye John Augustus alikuwepo mahakamani siku hiyo. Alizungumza naye kidogo, akaona kuna matumaini, akaomba amdhamini. Baada ya wiki tatu walirudi pamoja, na mshitakiwa alikuwa amebadilika hata watu wakashindwa kumtambua. Badala ya kumpeleka jela, hakimu alimtoza faini ya senti moja na gharama za kesi.

Huo ndio mwanzo wa probesheni, yaani kifungo cha nje chini ya uangalizi wa afisa, nchini Marekani. Hadi anafariki mwaka 1859, Augustus alikuwa amewadhamini watu karibu 2,000, kwa fedha zake na michango ya wasamaria. Lakini baadhi ya maofisa wa mahakama hawakumpenda. Walikuwa wakilipwa ada kwa kila mtu waliyempeleka kifungoni, kwa hiyo kila aliyedhaminiwa aliwapunguzia kipato.

Kikwazo hicho hakijaondoka, kimebadilika sura tu. Mfungwa hulindwa usiku na mchana, hulishwa, hutibiwa, na ukuta unaomzunguka umejengwa kwa fedha za umma. Mwizi wa simu aliyeamriwa kufagia hospitali kwa miezi 3 hulala kwake na hula chakula chake. Hata mtoto wa shule ataona ni njia ipi ya gharama ndogo. Mbona basi magereza yamefurika, na ofisi za uangalizi hazina hata pikipiki?

Tatizo kubwa ni kwamba mara nyingi anayeamua si anayelipa. Pale ambapo gereza linaendeshwa na serikali kuu na uangalizi wa nje umeachiwa serikali za mitaa, mtu akifungwa gharama zake huhamia hazina kuu. Akibaki mtaani, ni halmashauri inayotafuta mshahara wa afisa, mafuta ya pikipiki, mifagio, na tiba ya aliyezama kwenye dawa za kulevya. Kwa halmashauri, gereza linaonekana la bure.

California ililitambua hilo mapema. Sheria ya mwaka 1965 iliwezesha jimbo kuzilipa kaunti, yaani serikali zake za mitaa, hadi dola 4,000 kwa kila mtu ambaye, kwa mwenendo wa zamani, angepelekwa kwenye taasisi za jimbo lakini akabakizwa chini ya probesheni. Yaani fedha zilimfuata mtu badala ya kulifuata jengo. Kasoro yake ni kwamba kiwango hakikupanda huku mfumuko wa bei ukikitafuna, na mpango ukabadilishwa mwaka 1978. Wazo lenyewe lilirudi mwaka 2009, pale sheria mpya ilipozipa kaunti sehemu ya fedha ambazo jimbo limeokoa kwa kutopelekewa wafungwa.

Tatizo la pili wengi hawalioni. Chukua gereza la watu 600. Ukiwatoa 10, askari wa zamu ni wale wale, taa ni zile zile, jiko ni lile lile. Kilichopungua ni sahani 10. Ndiyo maana ahadi ya “tutalipia uangalizi kwa akiba itakayotokana na magereza” huishia hewani: akiba ya kweli huja bweni zima likifungwa, na hilo huchukua miaka. Fedha lazima zitangulie. Mwaka 2007, Texas ilitabiriwa kuhitaji vitanda vipya zaidi ya 17,000 vya wafungwa ndani ya miaka 5. Wabunge walitenga dola milioni 241 kwa tiba ya uraibu, vituo vya mpito na uangalizi wa nje. Mwaka 2011 jimbo likafunga gereza kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Hapa napenda nisieleweke vibaya. Programu ya nje iliyoanzishwa bila bajeti ni hatari, pengine kuliko kutokuwa nayo kabisa. Mpe afisa mmoja mafaili 200, hatamjua yeyote kwa sura, atabaki kuweka alama ya aliyefika na asiyefika. Kijana aliyehukumiwa kwa kuvunja kioo cha duka anatakiwa kuripoti kila Jumatatu saa 2 asubuhi. Jumatatu moja hana nauli, ya pili amepata kibarua cha siku moja, ya tatu ameandikwa mtoro na hati ya kumkamata imetoka. Anaingia gerezani bila kutenda kosa jipya, na serikali iliyobana nauli yake inaanza kumlipia chakula, ulinzi na matibabu. Afisa mwenye mafaili 40 angempigia simu Jumatatu ile ya kwanza.