Kaskazi haigeuzi mkondo wa Tanga

Juzi pale dikoni Sahare, hapa Tanga, nimeambiwa tena, na safari hii na mtu aliyesoma, kwamba kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, ikianza kuvuma mkondo wa bahari yetu hugeuka ukaelekea kusini. Haugeuki. Nje ya mwamba wa matumbawe, kuanzia Mtwara hadi Tanga na kupita, mkondo mkuu huenda kaskazini mwaka mzima.

Kosa limetoka kwenye ramani. Mishale ya Januari inashuka pwani ya Somalia, na watu wanaiburura mpaka Dar es Salaam. Unaogeuka ni mkondo wa Somalia. Wetu hulishwa na Mkondo wa Ikweta ya Kusini, unaovuka bahari kutoka mashariki, ukapita kaskazini mwa Madagaska na kugawanyika ukikaribia mpaka wetu na Msumbiji: tawi moja hushuka, jingine hupanda kwetu. Kaskazi hulipunguza nguvu tawi letu, basi. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, linaweza kufika mita 2 kwa sekunde. Wakati wa kaskazi hushuka hata chini ya nusu mita. Huko mbele, kwenye maji ya Kenya, hukutana na ule wa Somalia unaoshuka, na yote miwili hukata kuelekea mashariki. Vitabu huchora mstari hapo yanapokutana maji. Siuamini mstari huo. Mahali hapo huhama, na kila mshale wa ramani ni wastani wa siku nyingi zisizofanana.

Hoja ninayoletewa kila mara ni ya majahazi: kama mkondo haugeuki, watu wa Arabuni walifikaje Pangani na Bagamoyo? Kwa tanga! Mkondo wa Somalia uliwasaidia njia ya juu, na walipofika kwetu waliukuta mkondo wa mbele umechoka, upepo ukaushinda.

Hoja ya wavuvi ni nzito zaidi, na inaniudhi wasomi wenzangu wanavyoipuuza. Mzee wa ngalawa akisema leo maji yamekwenda kusini, ameona kweli. Alikuwa ndani ya mwamba, na humo anayetawala ni kujaa na kupwa. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, hapa Tanga maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yote lazima yapenye kwenye milango baina ya mwamba na mwamba, kuingia na kutoka mara mbili kwa siku. Tazama boya la dema, mtego wa samaki, maji yakiwa yanapwa kwa nguvu: limelala ubavu, nusu limezama, povu linapasuka mbele yake. Maji yakisimama, kamba inalegea na boya linainuka. Subiri kidogo, litalala upande wa pili. Mkondo mkuu haumo kabisa katika habari hiyo.

Halafu kuna mawimbi. Ya kaskazi husukuma mchanga wa ufukweni kuelekea kusini, ya kusi huurudisha. Kuhama kwa mchanga si ushahidi wa mkondo. Na tafadhali msiniletee chupa tupu ya plastiki iliyookotwa. Ile inaelea juu juu, upepo unaishika yenyewe. Nileteeni habari za nazi iliyozama karibu yote, hapo tutazungumza.

Bagamoyo sibishani sana. Mlango wa Unguja, ulio mbele yake, kina chake ni makumi ya mita tu, ule wa Pemba hufika karibu mita 800. Kwenye maji mafupi kama yale ya Unguja upepo na kupwa vina nguvu kubwa, na mshale mmoja haumtoshi mtu anayevuka.

Lakini huku kwetu, nje ya mwamba, jambo hili si la kubishania barazani tu. Chombo kikizimika injini Januari, anayeamini mkondo umegeuka atatafuta kusini peke yake. Mashua tupu yenye ubavu mrefu itasukumwa na upepo kuelekea kusini-magharibi huku mkondo ukiivuta kaskazini. Mtu aliyeanguka, aliyezama mpaka shingoni, upepo haumpati. Huyo atafuata mkondo. Mkiiona mashua haina mtu, msiendelee kumtafuta hapo hapo wala kusini yake. Pelekeni boti nyingine juu, upande wa kaskazini, mapema.