Rizavu: nani alimpa nani?

Kila inapoonyeshwa filamu ya kauboi yenye reli, moshi na mishale, hakosekani mtu wa kutueleza kwamba Wahindi Wekundu (jina hilo lenyewe tuliache kwa leo) hatimaye "walipewa hifadhi" na serikali ya Marekani. Eneo linalozungumziwa ni ardhi iliyotengwa kwa ajili ya taifa fulani la wenyeji, lenye uongozi wake na mamlaka yake ndani ya mipaka hiyo. Hapo hatuna ugomvi. Ugomvi uko kwenye "hifadhi" na, zaidi, kwenye "walipewa".

Hifadhi ni neno lenye asili ya Kiarabu, la kulinda na kutunza, na ndugu yake ni hafidhi, yule aliyeiweka Kurani yote kifuani. Siku hizi, hata hivyo, ukilitamka watu wanaona Serengeti, geti na askari wa wanyamapori, na wenyeji wa Marekani wanageuka viumbe wa kutunzwa. Neno la Kiingereza, reservation (au reserve, ambalo Kenya ya kikoloni ililijua kama rizavu), lina mzizi wa Kilatini wenye maana ya kuweka nyuma, yaani kubakiza. Basi tuulize ni nani aliyebakiza.

Mwaka 1855, huko Walla Walla, kaskazini-magharibi mwa Marekani, Gavana Isaac Stevens, ambaye miaka miwili kabla alikuwa ameongoza upimaji wa njia ya reli ya kaskazini kuelekea Pasifiki, aliwasainisha Wayakama, taifa la wenyeji wa huko, mkataba ambao kwa shinikizo kubwa uliwaondolea zaidi ya ekari milioni 10. Kifungu cha pili kinasema kwamba kutoka katika ardhi hiyo inayotolewa kinabakizwa kipande kwa matumizi yao. Cha tatu kinawaachia haki ya kuvua samaki mahali walipozoea. Ndugu wawili wa ukoo wa Winans, walowezi wenye ardhi ukingoni, walipowazuia Wayakama kufika kwenye mto Columbia, kesi ilifika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1905 iliamua kwamba mkataba haukuwapa wenyeji haki, bali wao ndio waliotoa, na wasichokitoa kilibaki chao. Mwenye ekari kumi akiuza nane, hata kama ameuza kwa kulazimishwa, hatusemi mnunuzi amempa zile mbili.

Si maeneo yote yalianza hivyo. Bunge la Marekani lilikomesha mikataba na wenyeji mwaka 1871, na baadhi ya yaliyofuata yaliwekwa kwa amri ya rais. Kwa hayo "ardhi waliyotengewa" inatosha. Lakini msimulizi akiwafikia Wayakama, naomba aseme "ardhi waliyojibakizia", au rizavu, kama kirefu kinamchosha.