Kujitolea kumjengea jirani nyumba: kibali kwanza, halafu zamu ya kumwagilia

Malalamiko yanayofika kwetu, ofisi za ujenzi za manispaa, kuhusu nyumba za kujitolea yanafanana sana. Klabu ya jogingi, kikundi cha VICOBA au jumuiya ya kanisani imechangishana, imeanza kumjengea jirani asiye na uwezo vyumba viwili na sebule, ukuta umefika kwenye linta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha), ndipo mkaguzi anapita na kuchora X nyekundu. Waliojenga wanakuja juu: "Sisi tunasaidia tu, kibali cha nini?" Kibali hutolewa kwa jengo. Nyumba iliyojengwa bure ikianguka, inaumiza watu sawasawa na ile iliyojengwa kwa mkopo wa benki.

Turudie, maana hili halichoki kutusumbua: muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa si kibali cha ujenzi. Barua yake inamtambulisha mwombaji, basi. Kibali hutoka halmashauri: Jiji la Dar es Salaam kwa walioko Ilala, na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni kwa wengine. Mwombaji ni mwenye kiwanja mwenyewe, hata kama fedha, tofali na fundi vyote vinatoka kwenye kikundi. Aandae uthibitisho wa umiliki, yaani hati, barua ya toleo, au leseni ya makazi kwa maeneo yasiyopimwa. Aongeze risiti ya kodi ya pango la ardhi kwa mwenye hati, michoro iliyoandaliwa na mtaalamu, namba ya NIDA na barua ya mtaa. Maombi huingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAUSI na ada hulipwa kwa kontrol namba. Anayetaka umpe taslimu mkononi "asukume faili" hasukumi chochote. Msimlipe, na mtoeni taarifa. Maombi hupitiwa na watu wa mipango miji, ardhi, mazingira na uhandisi, na kila mmoja anaweza kurudisha michoro irekebishwe. Ndiyo maana kikundi kinachopanga kujenga Jumamosi hii na kuleta michoro Ijumaa hakiwezi kusaidiwa. Kibali kikitoka, soma masharti yaliyoandikwa juu yake, weka nakala eneo la kazi, na mwite mkaguzi kabla msingi haujafukiwa na kabla zege la linta halijamwagwa. Nondo zikishafunikwa, hakuna mtu anayeweza kuzikagua.

Asiye na kibali hupewa notisi ya kusimamisha kazi, kisha huitwa ofisini. Akiendelea, hutozwa faini kwa mujibu wa sheria ndogo za halmashauri na anaweza kupewa amri ya kubomoa. Gharama za kubomoa ni za mwenye jengo. Mwenye jengo ni yule jirani mliyetaka kumsitiri. Fundi na wachangiaji watakuwa wameshaondoka.

Kuna viwanja ambavyo havitapata kibali, mchango uwe mkubwa kiasi gani. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au bahari. Kwa jiji hili hiyo ni kingo za Msimbazi, Mto Ng'ombe, Kizinga na nyinginezo. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, na bado tunaombwa vibali vya mabondeni. Vilevile, kiwanja cha mirathi ambacho hakijagawanywa kisijengwe mpaka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama aridhie kwa maandishi. Nyumba ikikamilika, ndugu waliokuwa kimya huanza kusikika.

Ghorofa si kazi ya kujitolea. Jengo la ghorofa lililoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 linatosha kueleza kwa nini tunasema hivyo bila kuongeza neno.

Nyumba ya chini ndiyo inayowafaa watu wa kujitolea, hasa ikijengwa kwa tofali za kufungamana za udongo na saruji, zile wengi wanaziita intaloki. Chamazi, familia zilizoondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari zilijiunga katika ushirika wa nyumba na kufyatua tofali zao wenyewe. Inawezekana, ila hesabu iwekwe wazi tangu mwanzo. Tofali ya sentimita 30 kwa 15 kwa 10 huingia 33 kwenye mita moja ya mraba ya ukuta. Nyumba yenye mita 40 za kuta, kwenda juu mita 2.7, ukitoa milango na madirisha, inataka kama tofali 3,000. Mfuko wa saruji wa kilo 50 hutoa tofali kati ya 60 na 70, kwa hiyo ni mifuko 45 hadi 50 ya kuta tu, bila msingi na linta. Mashine ya mkono yenye watu watano waliozoea hutoa tofali 300 hadi 400 kwa siku. Hiyo ni siku nane hadi kumi za kufyatua. Jumamosi moja yenye watu 60 na fulana zinazofanana haiwezi kuzimaliza, kwa sababu mashine ni moja na 55 waliobaki watasimama wakipiga picha.

Udongo upimwe kabla ya kununua saruji. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi, chukua udongo wa chini, uchekeche kwa wavu wa matundu ya milimita 5 au 6. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, kipake mafuta, kijaze udongo uliolowa na kuushindilia, kisha ukiache juani siku tatu. Sukuma udongo upande mmoja upime pengo. Likizidi sentimita 5, mfinyanzi ni mwingi mno. Changanya mchanga ujaribu tena. Pengo lisipoonekana kabisa, huo ni mchanga mtupu, na tofali itameguka ikitolewa tu kwenye mashine. Maeneo mengi ya jiji hili yana tatizo hilo la pili. Mchanga wa ufukweni usiguswe, na maji ya kisima yenye ladha ya chumvi yasichanganyiwe zege lenye nondo, kwa sababu chumvi huila nondo ndani kwa ndani mpaka linta inapasuka.

Kipimo cha kuanzia ni saruji moja kwa udongo 12. Mfuko mmoja ni karibu lita 35, hivyo ni ndoo 21 za udongo za lita 20. Msichanganye mfuko mzima. Changanya nusu, kwa ndoo 10 na nusu, kwa sababu mchanganyiko unatakiwa uwe umeisha ndani ya saa moja. Kosa tunaloliona mara nyingi kwenye vikundi ni kuchanganya mifuko mitatu asubuhi, kwenda kunywa chai, kisha kurudi na kuongeza maji ili "ulainike". Saruji ilishaanza kushika. Mnachofyatua hapo ni udongo wa rangi ya kijivu. Maji yapimwe kwa mkono: finyanga bonge, liachie kutoka usawa wa bega lianguke kwenye ardhi ngumu. Likivunjika vipande vinne hadi sita, piga kazi. Likisambaratika, ongeza maji kidogo. Likibaki bonge, maji yamezidi.

Kila baada ya tofali 20, pima unene. Beleshi moja ikizidi kidogo kwenye kisanduku cha mashine, tofali inakuwa nene, na kwa kuwa ukuta huu haupakwi udongo wa saruji katikati ya tofali, kosa hilo hupanda nao mpaka juu. Kwa sababu hiyo mstari wa kwanza hulazwa kwenye udongo wa saruji, kwa kamba na pima maji, na fundi mwashi mwenyewe. Waliojitolea wamletee tofali.

Tofali ikitoka isipangwe juu ya nyingine siku ya kwanza. Ikae kivulini, ifunikwe nailoni, na kuanzia asubuhi inayofuata imwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku saba. Ijengewe baada ya wiki tatu hadi nne. Tofali iliyokauka juani siku ya pili huonekana ngumu, ila ukiikwangua kwa msumari inatoa unga, na hiyo hairudishiki. Kufyatua kunapata watu wengi. Jumanne jioni kwenye keni ya maji hakuna mtu. Kabla ya kukodi mashine, kila kundi la tofali liwe na majina 14 kwenye karatasi, moja kwa kila zamu ya kumwagilia, pamoja na namba za simu. Kikundi kisichopata majina hayo kisianze kufyatua.