Wadudu hawajaonekana

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, jamaa wa kiti cha pili akaniuliza swali ambalo sasa nalihesabu. Hii ilikuwa mara ya kumi na moja tangu Tadej Pogačar, mwendesha baiskeli wa Slovenia, ashinde mbio za baiskeli za dunia pale Kigali, Septemba 2025.

"Dokta, wewe si ndiye wa mambo ya damu? Huyu jamaa wanampima kila siku, hawajamkuta na kitu. Sasa hayo maneno ya dawa yanatoka wapi?"

Kwanza, mimi si daktari. Ni mtu wa maabara, upande wa hematolojia, na kazi yangu ni kukaa na damu za watu ambao sizioni sura zao. Pili, sikuwa nimesema neno. Nilikuwa nimefumba macho nisiingiwe na nywele. Lakini kinyozi akazima mashine asikie jibu, na mtu aliyenyolewa nusu hana pa kukimbilia.

Nikamuuliza yule jamaa kama amewahi kupima malaria kwa darubini. Nani hajawahi? Basi aitoe ile karatasi aisome vizuri. Hatuandiki kwamba huna malaria. Tunaandika kwamba wadudu hawajaonekana. Mtu kameza dawa mseto za jirani tangu juzi, leo asubuhi kaja kupima, natazama slaidi sioni kitu, anatoka nje akisema kwa sauti kwamba maabara yetu ni ya ovyo kwa sababu alikuwa na homa kabisa. Mimi nilichosema ni kwamba katika tone hili, saa hii, kwa darubini hii na macho yangu haya yaliyokwishatazama slaidi arobaini, sikuona. Mengine kayaongeza mwenyewe njiani.

Mkojo wa mwendesha baiskeli ni hivyohivyo. Kwenye Tour de France mshindi wa hatua ya siku na mwenye jezi ya njano, yaani anayeongoza, hupimwa kila siku, na wengine huteuliwa. Sampuli inagawanywa A na B, inatafutwa orodha ndefu ya vitu, majibu yanarudi. Kisichokuwa na kipimo hakitafutwi. Kilichokwisha toka mwilini hakionekani. Dawa iitwayo EPO iliingia kwenye mchezo huu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kipimo chake cha mkojo kikaanza kutumika kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Hesabu mwenyewe hiyo miaka katikati.

(Na hapa nitoe dukuduku dogo. Sisi Watanzania tunaziita zote "dawa za kusisimua misuli". EPO haisisimui msuli wowote. Inaiambia mifupa itengeneze chembe nyekundu zaidi, basi. Wakenya wana "pufya", neno lisilojidai kueleza kitu, na kwa sababu hiyo halidanganyi.)

Mwaka 1997 UCI, chama cha baiskeli cha dunia, kiliweka kikomo: hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, isizidi asilimia 50. Ukizidi, unapumzishwa kwa ajili ya afya yako. Kikomo kikageuka ruhusa. Aliyezaliwa na 42 alijiona ana nafasi ya nane za kujaza, na aliyejaza kupita kiasi alikuwa na drip ya maji ya chumvi chumba cha pili, ili 52 iwe 48 kabla mpimaji hajamaliza kupanda ngazi. Aliyezaliwa na 49, maskini, hakuwa na pa kwenda.

Ndani ya mazingira hayo Lance Armstrong akashinda Tour saba, 1999 hadi 2005. Hoja yake miaka yote ilikuwa ileile ya jamaa wa kiti cha pili: nimepimwa mamia ya mara. Mwaka 1999 mkojo wake ulionyesha kweli kotikosteroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, cheti cha daktari kikaandikwa kwa tarehe ya nyuma, mambo yakaisha. Kilichomwangusha 2012 hakikuwa chupa ya mkojo. USADA, shirika la Marekani la kupambana na dawa michezoni, ilikusanya ushahidi wa watu 26, na 15 kati yao walikuwa waendesha baiskeli. Wengine walikula naye, wakalala naye chumba kimoja, wakachomwa sindano pamoja naye.

Ukiangalia kashfa kubwa za mchezo huu utaona sisi wa maabara tulikuwa wapi: kwenye foleni, nyuma ya polisi. Willy Voet wa timu ya Festina alikamatwa na watu wa forodha mpakani mwa Ubelgiji na Ufaransa tarehe 8 Julai 1998, gari limejaa dawa. Mifuko ya damu za wanamichezo aliyoihifadhi Dk. Eufemiano Fuentes ilifukuliwa na polisi wa Hispania 2006. Mwaka 2019 polisi wa Austria waliingia chumbani wakamkuta mwanariadha wa kuteleza kwenye theluji na mrija wa damu ungali mkononi. Mtandao wake ulikuwa na waendesha baiskeli pia, na chanzo cha yote kilikuwa mwenzao mmoja kuamua kuzungumza kwenye televisheni ya Ujerumani. Michael Rasmussen alitolewa na timu yake mwenyewe 2007 akiwa amevaa jezi ya njano, kwa sababu alisema alikuwa Mexico kumbe alionwa Italia.

Hapo jamaa akatoa karata yake ya mwisho. "Lakini sasa kuna pasipoti ya damu."

Ndiyo. Na hapa ndipo ninapokereka hasa, kwa hiyo nivumilie.

Pasipoti ya kibaiolojia, iliyoanzishwa na UCI mwaka 2008, haitafuti dawa. Inakufananisha na wewe mwenyewe wa mwezi jana na mwaka jana. Vinavyotazamwa zaidi ni himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, na retikulosaiti, zile chembe nyekundu changa zilizotoka mfupani juzi. Ugumu unaanzia kwenye himoglobini, na kosa ni letu. Kliniki zote za nchi hii tunakiita "kipimo cha wingi wa damu". Si kipimo cha wingi. Ni kipimo cha uzito wa uji.

Weka sufuria ya uji jikoni; unga ndio himoglobini, maji ndiyo maji ya damu. Ongeza maji. Uji umekuwa mwepesi, na unga ni uleule. Ukichota kijiko ukakipima, utasema unga umepungua, na utakuwa umesema uongo bila kukusudia. Mama mjamzito anayeambiwa "damu yako imeshuka", mara nyingi sehemu ya kushuka huko ni maji ya damu yaliyoongezeka (wengine imepungua kweli, wanywe vidonge vyao wasinisingizie mimi). Niliwahi kupata namba mbili tofauti za mgonjwa mmoja asubuhi moja: sampuli moja ilichukuliwa akiwa amelala, ya pili baada ya kusimama foleni. Daktari alinijia juu. Damu ilikuwa ileile, maji ndiyo yalikuwa yamehama. Ndiyo maana kanuni za pasipoti zinataka mtu akae kitako dakika kumi kabla ya kutolewa damu, na muda uwe umepita tangu amalize mazoezi au mbio.

Sasa mpeleke mtu huyo Ufaransa wiki tatu, hatua 21. Mwili unaochoshwa kila siku hujaza maji kwenye damu. Himoglobini ya mtu wa kawaida hushuka, karibu sehemu moja ya kumi kufikia mwisho. Kwa hiyo kinachonishtua mimi si namba kubwa. Ni mstari ulionyooka. Mtu kapanda Alps, kapanda Pyrenees, kalala kwenye hoteli za kelele, na uji wake ni mzito kama siku aliyoondoka nyumbani? Kuna mtu kaongeza unga.

Retikulosaiti zinasimulia upande wa pili. Ukirudishiwa damu yako iliyowekwa kwenye friji, mwili unaona chembe zimetosha, uboho wa mifupa unafunga duka, na changa zinapungua. Wataalamu wameziunganisha namba hizi mbili: chukua himoglobini kwa gramu kwa lita, toa 60 mara kipeuo cha pili cha asilimia ya retikulosaiti. Mwenye himoglobini 15 ya kliniki, yaani 150, na retikulosaiti asilimia 1, anapata 90. Akifika 160 na asilimia 0.4, anapata 122, na mimi ninavuta kiti karibu na skrini. Kwenye ripoti ya USADA, mtaalamu aliyepitia damu za Armstrong za Tour za 2009 na 2010 alisema uwezekano wa retikulosaiti zile kushuka hivyo kwa asili ni chini ya moja katika milioni. Armstrong mpaka leo anakana miaka hiyo. Lakini tazama tarehe: pasipoti ilikuwepo 2009, damu ilitolewa, namba zilisomwa, na kesi ikaja 2012, baada ya wenzake kusema.

Kwa hiyo, je, ninaiamini pasipoti? Ninaiamini kama ninavyoamini mlinzi wa geti. Anawazuia wanaokuja na gari. Mwaka 2011 yalichapishwa majaribio ya watu waliochomwa EPO kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na programu ya pasipoti haikumshika hata mmoja. Dozi ndogo ya usiku kwenye mshipa inatoweka kwenye mkojo kabla ya wewe kumaliza kujadili. Upande wa pili, mtu aliyekaa kambini milimani, akaharisha siku mbili, akasafiri kwa ndege, anaweza kuwa na mchoro wa ajabu na hajagusa kitu. Nikipewa mchoro usio na jina, ipo siku nitamhukumu msafi. Hilo linaninyima raha kuliko wale wanaotoroka.

Dawa ya tatizo la uji ingekuwa kupima unga wote wa sufuria. Njia ipo: unavuta kiasi kidogo cha kaboni monoksaidi, ile sumu ya jiko la mkaa, kisha inahesabiwa himoglobini yote mwilini. Timu kubwa zimekuwa zikiitumia kujua kambi ya milimani imeleta nini. Halafu watu wakaanza kujiuliza: ukiivuta kila siku, si mwili utadhani uko mlimani uanze kutengeneza unga? Februari 2025 UCI ikapiga marufuku kuivuta mara kwa mara nje ya taasisi ya tiba. Nilicheka peke yangu maabara. Hata mizani ya unga imeshukiwa kuongeza unga.

Kuna kundi la pili, na hawa wananichosha kwa namna nyingine. Wana kikokotoo. Mlima wa Plateau de Beille, Ufaransa, 14 Julai 2024: kilomita 15.8 kwa wastani wa asilimia 7.9, Pogačar akapanda chini ya dakika 40, wakati rekodi ya Mwitalia Marco Pantani ya 1998 ilikuwa zaidi ya dakika 43. Hiyo ni kupanda wima zaidi ya mita 1,870 kwa saa. Pantani aliondolewa Giro, mbio za Italia, 1999 kwa hematokriti 52, na ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya 2013 ilionyesha EPO kwenye sampuli zake za 1998. Basi, wanasema, aliyempita mwenye dawa ana dawa. Polepole. Siku ile timu ya Jonas Vingegaard, mpinzani wake mkubwa, ilivuta tangu chini, Vingegaard mwenyewe akashambulia mbali na kilele, Pogačar akakaa nyuma ya gurudumu lake mpaka alipotaka kuondoka. Vingegaard alishindwa kwa zaidi ya dakika moja, naye pia alimpita Pantani. Tairi si zile, nguo si zile, na siku hizi wanakula hadi gramu 120 za wanga kwa saa, kiasi ambacho zamani kingewamaliza tumbo. Je, haya yanatosha kueleza dakika zote zile? Sijui, na sidhani anayesema anajua ana kitu mkononi. Pogačar hajawahi kukutwa na kitu, na sina ushahidi wowote dhidi yake. Namba za mlimani zinaweza kunifanya niulize. Haziwezi kunijibu.

"Kwa hiyo unaangalia ili iweje?" kinyozi akauliza. Nikamwambia naangalia kama ninavyosoma majibu ya muda. Sampuli zinaweza kutunzwa na kupimwa upya ndani ya miaka kumi. Nikampa habari ya Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyefundishwa baiskeli mjini Kikuyu na David Kinjah na kuendesha kwa jina la Kenya kabla hajawa wa Uingereza. Kwenye Vuelta, mbio za Hispania, ya 2011 Froome alikuwa wa pili, sekunde 13 nyuma ya Juan José Cobo. Mwaka 2019 pasipoti ya Cobo ikamfikia, ushindi ukahamia kwa Froome, miaka minane baada ya yule mwingine kupanda jukwaani. Na huyohuyo Froome alikuwa amekutwa na salbutamoli, dawa ya pumu, mara mbili ya kiwango 2017, kesi ikafungwa 2018 bila adhabu. Kutokukutwa na kitu hakukumlinda Cobo, na kukutwa nacho hakukumtia Froome hatiani.

Kinyozi akawasha mashine, akanyoa kidogo, akazima tena.

"Sasa dokta, mtu aliyeweka mkeka 2011 kwamba Froome anashinda. 2019 walimlipa?"

Sikuwa na jibu. Jamaa wa kiti cha pili ndiye aliyejibu, bila kugeuka: mkeka ukichanika umechanika.