Mbu na ubongo kuvimba: maswali mnayouliza sana

Mbu si analeta malaria tu, hii ya ubongo imetoka wapi?
Malaria ni kimelea, hapa tunaongelea virusi, na vingi vinabebwa na mbu aina ya kyuleksi. Virusi vya West Nile viligunduliwa Uganda mwaka 1937, mwaka 1999 vikaibukia New York. Asia kuna homa ya ubongo ya Kijapani, virusi vinazaliana kwenye nguruwe na ndege kama yangeyange, mbu wa mashamba ya mpunga anawanyonya hao halafu anakuja kwako.

Kwa hiyo kila anayeng'atwa ubongo unavimba?
Hapana jamani. Kwa West Nile watu 8 kati ya 10 hawasikii chochote, na kama 1 kati ya 150 ndio anaumwa vibaya, hasa wazee. Ila ya Kijapani ikishafika kwenye ubongo inaweza kuua hadi wagonjwa 30 kati ya 100, na wengi wanaopona wanabaki na kifafa, kupooza au shida ya kuongea.

Nitajuaje sio homa ya kawaida?
Mwangalie akili yake. Homa, kichwa kinauma sana, shingo imekaza, halafu anaongea vitu havieleweki, anauliza swali lilelile kila saa, au mtoto ukimwamsha anafumbua macho kidogo anarudi kulala, au degedege. Hapo usingoje asubuhi, na hata kipimo cha malaria kikisoma negativu usikubali kurudi naye nyumbani akiwa bado amechanganyikiwa, waambie wazi kwamba hayuko kama siku zote.

Sindano ya mgongoni haipoozeshi?
Watu wanaikataa sana hii na inaniuma. Inachomwa chini kiunoni, chini ya pale neva kuu ya ndani ya uti wa mgongo inapoishia, wanatoa maji kidogo ya kupima. Bila hiyo ni ngumu kujua kama ni virusi au bakteria, ndio maana wanaweza kuanza antibayotiki kwanza ingawa virusi haviguswi nayo. Dawa ya kuua hivi virusi vya mbu bado haipo, wanamsaidia na oksijeni, dripu na dawa za degedege mpaka mwili upambane.

Nikimuuguza ataniambukiza?
Hapana, mlishe, mgeuze, kaa naye.

Chanjo ipo?
Ya Kijapani ipo, ya West Nile kwa binadamu bado. Kyuleksi anauma kuanzia jioni mpaka alfajiri, kwa hiyo nguo za mikono mirefu, dawa ya kupaka, chandarua, na maji yaliyotuama yamwagwe.