Majira ya Joto ya Mwalimu wa Kiingereza nchini Japani: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Miongoni mwa vijana wanaotamani kwenda Japani kufundisha Kiingereza, imani iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba mwezi wa saba shule zikifungwa, mwalimu naye huwa huru: mshahara unaingia, naye anazunguka Asia mpaka Septemba. Nusu ya imani hiyo ni kweli, kwani wanafunzi hufunga shule. Lakini kalenda ya mwanafunzi ni jambo moja na mkataba wa mwalimu ni jambo jingine, na wasiovitenganisha viwili hivyo huharibikiwa mipango na pesa.

Mwaka wa masomo wa Japani huanza Aprili na kumalizika Machi, kwa hiyo likizo ya Julai na Agosti huangukia katikati ya mwaka, baada ya muhula wa kwanza. Katika sehemu kubwa ya nchi hudumu wiki tano au sita hivi. Huko Hokkaido, ambako baridi ni kali, hufupishwa ili likizo ya majira ya baridi iwe ndefu zaidi. Kwa kuwa mwaka haujaisha, shule huendelea kuwa na watu. Vilabu vya michezo na muziki hufanya mazoezi, walimu wenyeji hufika kazini, na mwalimu msaidizi wa lugha aliyeajiriwa na bodi ya elimu ya mji kwa kawaida naye hutakiwa kufika, isipokuwa katika siku alizoombea likizo yenye malipo. Katika Programu ya JET, iliyoanza mwaka 1987 na ambayo huleta maelfu ya vijana kutoka nchi za nje, likizo hiyo huanzia siku 10. Waajiri wengi huongeza kidogo, lakini siku hizo ni za mwaka mzima, na anayezimaliza zote Agosti hatabakiwa na kitu Desemba.

Kutokana na hali hiyo imezuka dhana ya pili, kwamba wiki hizo ni za kukaa bure mbele ya dawati. Ni kweli kwamba zipo siku za ukimya mwingi, hasa kwa walimu wapya wa JET, ambao wengi wao huwasili mwishoni mwa Julai na Agosti na kukuta madarasa matupu. Hata hivyo kazi ipo kwa anayeitafuta: kuandaa masomo ya muhula wa pili, kusaidia katika kambi za Kiingereza, na kuwanoa wanafunzi watakaoshindana kuhutubia kwa Kiingereza msimu wa vuli. Mimi naamini kazi iliyo bora kuliko zote ni ile isiyoandikwa kwenye mkataba, yaani kwenda uwanjani wanakofanyia mazoezi. Mashindano ya taifa ya besiboli ya shule za sekondari ya juu, yaliyoanza mwaka 1915, huchezwa kila Agosti katika uwanja wa Koshien, na nchi nzima huyafuatilia. Mwalimu aliyewaona wanafunzi wake wakitokwa jasho kwenye mazoezi ya Julai hukaribishwa kwa namna tofauti kabisa darasani mwezi Septemba.

Kuhusu mshahara, hakuna jibu moja. Mwalimu wa JET hulipwa kama kawaida. Anayepelekwa shuleni na kampuni ya kati anaweza kukuta malipo ya Agosti yamepunguzwa kwa sababu hakuna vipindi, na anayefundisha katika shule binafsi za mazungumzo huendelea na vipindi vyake, huku mapumziko yakiwa ya wiki moja hivi katikati ya Agosti. Swali la malipo ya Agosti liulizwe kabla ya kutia saini. Wala mtu asidhani ataziba pengo hilo kwa kibarua chochote, kwa sababu hadhi ya ukaazi hutaja aina ya kazi inayoruhusiwa, na kazi iliyo nje ya hapo huhitaji kibali cha idara ya uhamiaji.

Joto nalo hudharauliwa, na pengine huku kwetu zaidi, ambako watu hudhani aliyezaliwa Mombasa au Dar es Salaam hawezi kutishwa na jua la Japani. Tarehe 5 Agosti 2025 mji wa Isesaki, mkoani Gunma, ulifikia nyuzi 41.8 za selsiasi, rekodi ya nchi nzima, na mara nyingi usiku hauleti nafuu kwa sababu ya unyevu mwingi hewani. Madarasa ya shule za umma sasa karibu yote yana viyoyozi, lakini kumbi nyingi za michezo bado hazina. Kinyume chake, kilele cha Mlima Fuji, chenye urefu wa mita 3,776, huwa na baridi hata mwezi Agosti, na kila mwaka wapo wanaoupanda wakiwa na kaptula na viatu vya mjini. Njia zake rasmi hufunguliwa kuanzia Julai hadi tarehe 10 Septemba, na tangu mwaka 2025 mpandaji hutozwa yeni 4,000 katika kila njia.

Dhana inayowagharimu pesa nyingi zaidi ni ya nauli. Wengi wamesikia habari za Japan Rail Pass, pasi ya kusafiri kwa treni bila kikomo kwa siku kadhaa, na kudhani mwalimu naye ataitumia, kumbe pasi hiyo ni ya wageni walioingia kwa matembezi ya muda mfupi. Mama aliyekuja kumtembelea mwanawe anaweza kuinunua. Mwanawe, aliye mkaazi, atakata tiketi ya kawaida, na treni ya mwendokasi kutoka Tokyo hadi Kyoto hugharimu karibu yeni 14,000 kwenda tu. Hata kwa mgeni faida yake imepungua, kwani Oktoba 2023 bei ya pasi ya siku saba ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Mkaazi mwenye subira ana Seishun 18 Kippu, tiketi ya treni za kawaida za JR (kundi la kampuni kuu za reli nchini) isiyo na kikomo cha umri licha ya namba iliyo katika jina lake: yeni 10,000 kwa siku tatu mfululizo au 12,050 kwa siku tano. Mabasi ya usiku nayo huokoa nauli pamoja na gharama ya chumba.

Asafiripo, aiangalie Obon, siku za kuwakumbuka wahenga, ambazo katika sehemu kubwa ya nchi ni tarehe 13 hadi 16 Agosti. Wageni wengi huamini ni sikukuu ya kisheria. Sivyo, bali ofisi nyingi hufunga kwa desturi, na familia hurudi makwao kusafisha makaburi. Treni hujaa, na zile za mwendokasi ziitwazo Nozomi huwa hazina viti vya kukalia bila kuweka nafasi mapema wakati huo. Mwalimu asiye na ulazima wa kusafiri afadhali abaki mtaani kwake, maana ngoma za Obon huchezwa kwenye viwanja vya jirani, na mgeni anayeingia kwenye duara huelekezwa hatua kwa furaha.

Kwa atakayetoka nje ya nchi, hofu ya kuomba viza upya haina msingi. Tangu Julai 2012, mwenye kadi halali ya ukaazi atakayerudi ndani ya mwaka mmoja, na kabla kadi haijaisha muda, huweka tu alama kwenye fomu ya kutoka pale uwanja wa ndege, mradi awe na pasipoti na kadi yake mkononi.